Magari ya deraya ya 1941 (1/72): niyawekee besi au yakae hivihivi? Na vumbi jekundu nalipataje?

Deraya_Tanga

Habari zenu wadau. Nina modeli tatu za plastiki za magari ya deraya, Marmon-Herrington, skeli 1/72 (yaani dogo mara 72 kuliko gari halisi), natengeneza kwa ajili ya mchezo wa ile kampeni ya 1941 iliyotokea Kenya kwenda Somalia mpaka Ethiopia. Kismayu ikachukuliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, Addis Ababa 6 Aprili, yaani ni mbio tupu ndo maana nataka magari yawepo. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) nimeshawamaliza, wako kwenye besi za duara, yaani vile vibao vya kusimamia modeli, magari ndo yamenikwamisha.

Kwanza besi. Nikiweka gari mezani bila besi askari wanalizidi kimo, mmoja anachungulia kabisa ndani ya mnara wa bunduki, haileti. Pili udongo, nimeletewa ule mwekundu wa Voi, nikimwaga juu ya gundi ya mbao ukikauka unakuwa kahawia iliyokolea, wekundu wote umekwenda wapi sijui. Tatu praima ya kopo, ile rangi ya kwanza ya kupulizia, inatoka vichembe vichembe. Huku hakuna duka la hobi kwa hiyo mnaonishauri mnitajie vitu vya hardware na sokoni tafadhali.

Bi_Brashi

Karibu kaka. Naanza na praima maana hiyo ikiharibika vingine vyote vinakaa juu ya uharibifu. Vichembe vinakuja ukipulizia kwa mbali, rangi inakaukia hewani kabla haijafika kwenye modeli, au hewa ikiwa na unyevu mwingi na Tanga asubuhi hewa ni maji matupu. Subiri jua lipande, tikisa kopo dakika mbili nzima, pulizia kivulini sm 20 mpaka 25, mkono usisimame, koti jembamba likikauka ndo lingine. Hivyo vichembe vilivyopo vipitishie msasa wa maji namba 1000 pole pole, vitatoka bila kula ribiti za modeli.

Na ukifika hatua ya woshi ya rangi ya mafuta, yaani rangi nyepesi ya kutia kivuli kwenye mifereji, dukani omba waiti spiriti. Ukisema tina tu watakupa ile ya rangi za magari na ile plastiki haiponi, inalainika ukiwa unaangalia. Hata waiti spiriti yenyewe usiiweke juu ya rangi tupu, piga vanishi ya kung'aa kwanza iache ikauke hasa, halafu woshi unaipeleka kwenye mistari ya mabati na kwenye ribiti tu, sio unaogesha gari zima!

Udongo sasa. Huo wekundu hujaupoteza, gundi imeingia kati ya punje ndo maana unaonekana umelowa milele. Udongo halisi uchukulie ni wa kuleta mkwaruzo tu, rangi unaileta wewe. Ukaange kwanza kwenye kikaango kikavu utoe unyevu na wadudu, uchekeche kwa chujio la chai, bandika, ukikauka upake kahawia nyekundu kisha draibrashi, yaani sugua juu juu kwa brashi iliyo karibu haina kitu, na chungwa uliyochanganya na krimu. Usiweke punje kubwa jamani, kwenye 1/72 punje ya mm 1 ni jiwe la sm 7, ya mm 3 tayari ni mpira wa miguu, nimeona besi za watu dereva hapiti hata kwa maombi.

kifaru_mkongwe

Mimi na besi za magari hatupatani hata kidogo. Gari lina magurudumu yake, liache liguse meza. Ukilibandika kwenye kipande cha udongo wa Voi halafu likapita barabarani au likapanda kilima unaona gari limebeba kiwanja chake kwenda nacho. Na kwenye kupima umbali ndo ugomvi unaanza, mmoja anapima kutoka kwenye besi mwingine kutoka kwenye bodi, jioni imeisha hivyo. Kama tatizo ni kimo punguza besi za askari, wawekee plastiki ya mm 1 basi.

Bi_Brashi

@kifaru_mkongwe kwa vifaru nakuunga mkono mkuu, mnyororo umelala chini wote, hauhitaji kitu. Ila haya ni magari ya matairi, ekseli zake kwenye skeli hii ni vijiti, na kila zamu kuna mkono unakuja kulishika kwenye mnara. Besi ndo mahali pa kushika. Mambo ya kupima mnakubaliana kabla ya mchezo kwamba kila kitu ni kutoka kwenye bodi, basi yameisha.

Mlima_Marsabit

Nyote mnabishana besi na hakuna aliyemuuliza jamaa mapigano yake ni ya wapi. Kaskazini hakuna rangi moja. Wajir ardhi ni ya chokaa, nyeupe nyeupe. Ukipita Dida Galgalu ni mawe meusi ya volkano mpaka macho yanachoka. Garissa ndo unapata mchanga mwekundu, na ukifika mto Juba kingo ni za kijani wakati hatua chache nyuma ni miiba mitupu. Ukitaka uvamizi wa El Wak, kule mpakani mwa Kenya na Somalia, wa 16 Desemba 1940 usitumie besi ileile ya kuvuka Juba. Chagua ardhi kwanza, halafu vumbi la gari linatoka kwenye rangi ya ardhi hiyohiyo, hapo ndo gari na besi vinakuwa kitu kimoja, la sivyo unapata gari jekundu juu ya chokaa.

Na liwe vumbi, sio tope. Februari huko ni kiangazi, mvua za masika zilikuwa hazijafika, kwa hiyo hayo matope mazito mnayopenda kupaka kwenye matairi yaacheni.

Kwa unga wenyewe nenda hardware uulize oksaidi nyekundu, ile mafundi wanachanganya na saruji ya sakafu. Ni oksaidi ya chuma, kitu kilekile kilichoupa udongo wa Voi wekundu wake. Ina nguvu kupita kiasi, ukiitumia peke yake gari litakuwa kama sakafu ya nyumba ya bibi, kwa hiyo saga chaki nyeupe ya shule kwenye msasa, uichanganye na oksaidi kidogo sana ya ncha ya kisu na kahawia kidogo. Paka kwa brashi kavu. Vumbi linakaa juu ya bati lililolala, kwenye pembe na nyuma ya magurudumu, ila pale askari wanapokanyaga kupanda mnarani futa kwa kidole, buti zinasugua na rangi ya chini inaonekana. Kama ni msafara, la mbele liwe safi kidogo na la mwisho ndo limezwe na vumbi la wenzake.

Matairi usipake nyeusi. Haya yalijengwa Afrika Kusini juu ya chasi za lori za Ford, mpira wa tairi ukikaa juani unakuwa kijivu cha kahawia.

Deraya_Tanga

Aisee, naenda na El Wak basi. Besi nitaweka, @kifaru_mkongwe utanisamehe mzee wangu, ila nitaiacha ndogo, inazidi gari mm chache tu kila upande. Nina kadibodi ngumu ya maboksi, itafaa? Na majani makavu natumia nini?

kifaru_mkongwe

Nimekusamehe ila kadibodi hapana. Gundi ikikauka inajikunja, katikati inainuka na gurudumu moja linaning'inia hewani. Tumia MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya mm 2 au plastiki, na upake gundi upande wa chini pia ili ivute sawa. Chini bandika kipande cha bati jembamba, halafu kwenye boksi lako weka shiti ya sumaku, gari halitingishiki hata ukipanda nalo bodaboda.

Majani kata kamba ya katani, mm 5 hivi, fumua, simamisha vishungi vichache kwenye tone la gundi. Tanga ukikosa katani sijui nani ataipata.