MJADALA: Oskar Messter kuuza kampuni zake kwa Ufa (kampuni kubwa ya filamu iliyokuwa na jeshi nyuma yake) mwaka 1917, ilikuwa akili ya biashara au aliwakabidhi wanajeshi sinema ya Ujerumani?

#1 (mleta mada)

Wakuu salama? Juzi kwenye stori za filamu za zamani mmoja alimwita Oskar Messter baba wa sinema ya Ujerumani, mwenzake akamkata palepale, eti baba gani anauza watoto wake kwa Jenerali Ludendorff, mkubwa wa jeshi la Ujerumani. Watu wakacheka, mada ikafa. Mimi naona haikupaswa kufa kwa hiyo naileta hapa tuichambue, na msimamo wangu nautoa mapema: Messter alikuwa mfanyabiashara wa vifaa toka mwanzo mpaka mwisho, filamu kwake ilikuwa njia ya kuuza mashine, na ukimwangalia hivyo kuuza 1917 hakukuwa usaliti wala ujinga, ilikuwa dili bora kuliko zote alizowahi kupiga.

Kwa wasiomjua. Kazaliwa Berlin 1866, baba yake Eduard alikuwa na karakana ya vifaa vya macho, lenzi, hadubini, vyombo vya madaktari, mpaka taa za jukwaani. Oskar akaishika karakana 1892. Mwaka 1896, miezi michache tu baada ya ndugu Lumière wa Ufaransa kuonyesha picha zao Paris, akatoka na projekta yake. Moyo wa mashine ile ni kile kigurudumu wanachokiita msalaba wa Malta, kinavuta mkanda picha moja, mkanda unasimama kidogo mwanga upite, kinavuta tena. Hakuwa mtu pekee duniani aliyekitumia ila yake ilikuwa imara na picha ilitulia, wenye kumbi za burudani na watu wa maonyesho ya kuzunguka wakanunua.

Sasa mtu akishanunua mashine anataka cha kuonyesha. Hapo ndipo Messter akaanza kupiga filamu mwenyewe, akafungua studio ya taa za umeme pale Friedrichstraße mwaka huohuo, na kitabu chake cha bei cha 1897 kilikuwa na filamu zake 84 zimepangwa pamoja na projekta na kamera. Ni kama mwenye mashine ya kusaga anayegawia majirani mbegu za mahindi, kilimo hakimhusu, anachotaka mashine isilale. Na kumbukeni enzi zile filamu haikukodishwa, iliuzwa kwa mita, ukishauza umeshauza, mnunuzi anaizungusha mpaka ichakae au anamuuzia mwenzake na wewe huambulii kitu.

Halafu 1903 akaja na Biophon pale Apollo Theater Berlin, projekta imeunganishwa na gramafoni, mwimbaji anaonekana anaimba na sauti inatoka kwenye santuri. Watu walipagawa. Mchezo ni uleule, unauza mashine, unauza filamu, unauza na santuri, na Gaumont wa Ufaransa aliyekuwa na chombo cha aina hiyohiyo wakakaa mezani wakaelewana badala ya kuuana. Ikalipa miaka kadhaa. Ila kufika kama 1909 watengenezaji wamekuwa kibao, bei zimeporomoka, na filamu yenyewe dakika tatu nne tu kwa sababu santuri haibebi zaidi, wakati watazamaji wameshaanza kutaka hadithi ndefu. Biashara ikafa. Kwa maoni yangu pale ndipo alipojifunza kwamba kifaa kizuri hakikuokoi soko likishageuka, na mtu aliyefundishwa hivyo akiona mnunuzi mwenye hela nyingi mlangoni hajiulizi mara mbili.

Tarehe 18 Desemba 1917 Ufa inaanzishwa, mtaji mark milioni 25, Deutsche Bank mbele, serikali na jeshi nyuma ya pazia. Kampuni za Messter zikanunuliwa mark milioni 5.3. Yeye ana miaka 51. Karibuni.

#2

Mleta mada umeeleza vizuri ila umeruka vita nzima, kutoka 1909 umedondokea 1917 kana kwamba katikati jamaa alikuwa amelala. Agosti 1914 vita inaanza, filamu za Kifaransa zinapigwa marufuku, Pathé na Gaumont waliokuwa wamelikalia soko la Ujerumani miaka yote wanatolewa nje, na Oktoba mwaka huohuo Messter anatoa habari zake za wiki, Messter-Woche, zinazopita kwanza kwa wachujaji wa jeshi ndipo ziende kwenye kumbi, ndani ya nchi na nje. Na zile kamera za kwenye ndege mbona hukuzitaja? Alitengeneza kamera inayojipiga yenyewe mfululizo, ndege inapita juu ya mitaro ya adui inarudi na ukanda mrefu wa picha, makamanda wanaona kila kitu. Akatengeneza na kamera ya kufundishia washika bunduki kulenga. Hiyo ni hela ya jeshi mkuu. Jeshi na Messter hawakukutana Desemba 1917, walikuwa washkaji wa miaka mitatu. Duka lilinenepa kwa oda za jeshi halafu duka lenyewe likauziwa jeshi. Usitupambie.

#3

Nimevuta kiti. Ila niulize, Mjerumani wa 1917 anatuhusu nini sisi, hatuna mambo yetu?

#4

@3 anakuhusu. Waingereza wanapigwa Tanga Novemba 1914, Messter-Woche ina mwezi tu toka ianze. Babu zetu walibeba mizigo ya Lettow-Vorbeck na ya Waingereza mpaka wakafia porini, na serikali iliyokuwa inatuhesabu sisi ni wake ndiyo hiyohiyo ilitoa mamilioni kwa siri kununua kampuni za filamu. Kwa hiyo tulia usome.

#5

Mnamgombania mtu asiye sahihi. Mfanyabiashara wa kweli wa filamu za kimya Ujerumani ni Paul Davidson, Messter alikuwa fundi mwenye duka. Davidson kazaliwa 1867 Prussia Mashariki, katokea kwenye biashara ya nguo, 1906 akaanza kufungua majumba ya sinema akiwa Frankfurt, zile Union-Theater, jumba baada ya jumba mpaka Berlin Alexanderplatz, na kampuni yake PAGU ikawa ya hisa wakati wenzake bado wanaendesha mambo kifamilia. Messter aliangalia sinema kutoka kwenye lenzi, Davidson aliiangalia kutoka kwenye viti, anajua nani kaingia, kalipa kiasi gani, kaondoka saa ngapi.

Na kitu kikubwa ni hiki. Mleta mada kasema filamu iliuzwa kwa mita, sawa, sasa nani aliuua huo mfumo? Mwaka 1910 filamu ya Kidenmaki ya mwigizaji Asta Nielsen ilisambazwa na Ludwig Gottschalk wa Düsseldorf kwa utaratibu wa monopoli, yaani huuziwi mkanda, unauziwa haki ya kuwa peke yako mjini kwako unaionyesha kwa muda fulani. Davidson alipomwona Asta Nielsen akaelewa yote mawili kwa mpigo, staa na monopoli, 1911 akamfunga na mkataba yeye pamoja na mumewe Urban Gad. Kuanzia hapo filamu ndefu ikalipa kwa sababu mwenye ukumbi anatangaza kwa nguvu akijua jirani hana, kiingilio kinapanda, na mtengenezaji anapata hela ya kutengeneza nyingine. Ukitaka kujua sinema ya Ujerumani ilivyogeuka kuwa kiwanda anza hapo, huo msalaba wa Malta uacheni kwa mafundi.

#6 (mleta mada)

Nimewasoma. @5 umeniongezea nyama tu, hujanipinga. Davidson alikuwa kichwa, na Messter alisoma mchezo akaufuata, alikuwa na mwigizaji Henny Porten ambaye alianza naye kwenye zile filamu za santuri toka akiwa binti mdogo, akamkuza mpaka akawa staa wa kwanza wa Kijerumani hasa, maana Asta Nielsen alikuwa Mdenmaki. Akawa na kampuni ya kutengeneza, ya kusambaza, kiwanda cha vifaa, vyote chini ya paa lake. Sasa nikuulize, huyo Davidson wako 1917 alifanya nini? Majumba yake yalishaangukia mikononi mwa kampuni ya filamu ya Nordisk ya Denmark wakati wa vita, na PAGU nayo ikaingia Ufa siku ileile na Messter. Tofauti ni kwamba Davidson alibaki ndani kutengeneza filamu, ndio waongozaji akina Lubitsch wakang'ara. Kwa hiyo kama kuuza ni dhambi basi muwaweke wote wawili kizimbani.

@2 wewe ndiye mwenye hoja ngumu. Sibishi kuhusu oda za jeshi, nakazia tu kwamba zinathibitisha ninachosema: kamera ya ndege ni kifaa, jamaa alikuwa anauza vifaa kwa mnunuzi mkubwa kuliko wote aliyekuwepo. Ila tazama meza ilivyokuwa 1917. Huku kuna DLG, kampuni ya filamu ya wenye viwanda vizito, Hugenberg yule wa kiwanda cha chuma na silaha cha Krupp na wenzake, wameanza kuingia kwenye filamu toka 1916. Huku jeshi limeunda ofisi yake ya picha na filamu, BUFA, Januari 1917. Tarehe 4 Julai Ludendorff anaandikia Wizara ya Vita barua kwamba filamu imeonyesha nguvu kubwa ya ushawishi na lazima tasnia ya Ujerumani iunganishwe. Von Stauss wa Deutsche Bank yuko tayari na pesa. Jitu linakuja tu, na wewe uwepo au usiwepo. Na filamu ya wakati ule imetengenezwa kwa nitroselulosi, malighafi ileile inayotakiwa na viwanda vya baruti, katikati ya vita! Mtengenezaji aliyebaki nje akagombana na mwenye vita angepata wapi mikanda? Kwangu mimi chaguo halikuwa kuuza au kubaki huru, lilikuwa kuuza sasa kwa bei yako au baadaye kwa bei yao.

#7

Mimi ni mtu wa mahesabu, siasa siziwezi. Hiyo "dili bora kuliko zote" mnaipima kwa nini? Kabla ya vita dola moja ilikuwa mark 4.2, Novemba 1923 dola moja ni mark trilioni 4.2, trilioni mmesikia. Aliyeuza majengo, mashine na filamu mwaka 1917 akapokea karatasi, kama hakuzigeuza haraka kuwa kitu kingine ameingia mkenge mzito, na aliyenunua kwa karatasi akabaki na studio ndiye mjanja. Halafu jambo la pili mnalisahau, hiyo mark iliyokuwa inaporomoka ndiyo iliyofanya filamu za Kijerumani ziwe rahisi kutengeneza na tamu kuuza nje, ukiuza nchi moja tu yenye pesa imara umerudisha gharama. Kwa hiyo miaka ya neema ilikuwa 1919 hadi 1923, na Messter kama mwenye kampuni hakuwepo. Kaondoka saa moja kabla ya chakula.

#8

#2 narudi. Namuunga mkono wa mahesabu halafu naongeza. Fuateni njia iliyopita Ufa. Serikali ikatoka 1921, Deutsche Bank ikashika. Desemba 1925 Ufa imeelemewa na madeni, inakopa dola milioni 4 kwa Paramount na Metro-Goldwyn-Mayer na kuwafungulia Wamarekani majumba yake. Mwaka 1927 nani ananunua? Hugenberg yuleyule, na magazeti yake ya mrengo wa kulia. 1937 serikali ya Hitler inajinunulia kimyakimya. Kampuni tatu nne zilizokuwa zinashindana zilipogeuzwa kuwa jitu moja mwaka 1917, mwenye kutaka kuishika sinema yote ya nchi alihitaji kushika mlango mmoja tu. Messter alikuwa moja ya hizo kampuni, tena zile kubwa. Hoja ya kwamba "lingekuja tu" kila muuzaji anaisema.

#9 (mleta mada)

@8 hiyo ya mlango mmoja imekaa vizuri na naichukua, lakini hukumu yake inamwangukia aliyeunganisha, yaani benki na jeshi, maana muuzaji mmoja haundi jitu. Na deni la 1925 ni la waliokuwa wanaendesha Ufa wakati ule na filamu zao za gharama za kutisha, Messter hahusiki hata kwa ukucha.

@7 nimekuelewa, na kwa upande wa noti tupu bei ile inaonekana tofauti kabisa ukiisoma ukiwa 1923, ila mtu anauza akiwa 1917, katikati ya vita ambayo hakuna aliyejua itaishaje. Kitu kimoja lakini hujakigusa. Angalia alichouza na alichobaki nacho kichwani. Filamu, mastaa, usambazaji, vimeenda. Ujuzi wa vifaa umebaki. Mwaka 1928 wakati sauti inaingia kwenye sinema kweli kweli na kampuni ya Tobis inaundwa Ujerumani kwa kuunganisha wenye hataza za sauti, mojawapo ya makundi yaliyoingia ni Messter-Ton. Yaani mtu wa Biophon ya 1903 karudi mezani miaka 25 baadaye akiwa na kilekile alichoanza nacho. Na mkusanyiko wake uliokwenda Deutsches Museum kule Munich ni projekta, kamera, mitambo. Huyo ndiye Messter ninayemwona mimi.

#10

#5 hapa. Basi tumekubaliana bila kutaka: kama yote aliyoyajali yalikuwa mitambo, hilo jina la baba wa sinema tumvue, tumwite mtengenezaji vifaa aliyekuwa na studio. Filamu zenyewe zilitengenezwa na waongozaji akina Carl Froelich waliokuwa wameajiriwa kwake, na zikauzwa kwa sura ya Henny Porten. Mleta mada fungua uzi mwingine wa hao wawili, mimi nitaleta ya Davidson na Lubitsch kule Tempelhof.

#11 (mleta mada)

Jina mvueni tu, mimi sikumpa. Ila Henny Porten bila mtu wa kumlipa mshahara kuanzia zile filamu za santuri tungekuwa hatumtaji leo, kwa hiyo kwenye huo uzi mpya Messter ataingia tena, jiandaeni. @2 ukija njoo na hesabu ya BUFA, nani alilipwa nini, tuanzie hapo.