Gorila achukue nafasi ya kobu kwenye nembo ya taifa?

Mwana Kabale
Wandugu, hoja hii hapa. Nembo yetu ya Uganda ni ileile ya 1962: ngao na mikuki, mawimbi ya ziwa, jua, ngoma, chini yake Nile, kahawa na pamba. Upande mmoja korongo taji, upande wa pili kobu, yule swala. Korongo abaki, sina neno naye. Lakini kobu? Mgeni anapanda ndege hadi huku kwa ajili ya gorila wa msitu wa Bwindi. Gorila yumo kwenye noti ya elfu hamsini, kobu kaachiwa sarafu ya hamsini ambayo hata muuza njugu haitaki. Tumbadilishe.

Afande Mstaafu
Kijana, thamani ya mnyama haipimwi kwa noti. Gorila wa milimani tunagawana na Rwanda na Kongo. Kobu anabeba jina la Uganda dunia nzima. Nenda mbuga ya Murchison au Semliki asubuhi uone madume yanavyogombania uwanja, halafu urudi hapa uniambie hafai.

Kijana wa Kisenyi
Mimi nauliza kuhusu huyo korongo. Si ni ndege wa Waganda, watu wa Buganda? Waziri mkuu Obote alichora bendera akamweka katikati kuwafurahisha watu wa Mengo, kwa Kabaka.

Afande Mstaafu
Obote hakuchora. Aliyechora ni Grace Ibingira, waziri wa sheria, mtu wa Ankole. Chama cha DP kilikuwa na bendera yake ya kijani na bluu, nayo ilikuwa na korongo. UPC, chama cha Obote, waliposhinda uchaguzi Aprili 1962 wakaleta nyeusi, njano na nyekundu, ndege akabaki. Hata beji ya mkoloni ilikuwa na korongo.

Kijana wa Kisenyi
Ukoo wa Ng'aali, yaani wa korongo, uko Buganda, afande. Hilo hukulijibu.

Binti wa Bombo
Mnabishania ndege ni wa nani na ndege mwenyewe anaisha! Tangu 2012 korongo wetu yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Anataga kwenye majani ya kinamasi, mayai mawili au matatu. Kinamasi kikikauka hana pa kutagia. Na tuseme ukweli, watu wa mpunga huko mashariki wamemaliza vinamasi vyote.

Hajji Butaleja
Dada wa Bombo, "watu wa mpunga" ndio akina nani? Tutaje. Doho, huku kwetu Butaleja, ni skimu ya mpunga ya serikali. Serikali ndiyo iliyochimba mifereji na kutuletea maji ya mto Manafwa, ikatuambia limeni. Tumelima. Watoto wangu wamesoma kwa mpunga huo. Mbona husemi viwanda vya Kampala vilivyojengwa juu ya matope? Waliovunjiwa nyumba kwenye kinamasi cha Lubigi, Kampala, 2024 walikuwa wakulima wa mpunga? Na huo wali mnaopika kila Ijumaa unatoka wapi?

Binti wa Bombo
Ijumaa yangu inaingiaje hapa? Nimezungumzia ndege, wewe unaniletea dini. Ukitaka kutusema sisi Wanubi wa Bombo sema wazi.

Hajji Butaleja
Mimi mwenyewe ni Mwislamu, dada, soma jina. Nimesema wali. Wewe ndiye uliyeanza kunyooshea watu kidole kwa upande watokako.

Mwana Kabale
Jamani, turudi kwa gorila.

Hajji Butaleja
Wewe ndiwe wa kunyamaza kabisa. Kwenu Kigezi ndiko korongo walikojaa, na vinamasi vyenu mlivigeuza malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi tangu enzi za Mwingereza. Leo unatutafutia mnyama wa kuvutia wageni.

Mwana Kabale
Babu yangu hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Usinibebeshe ya wengine.

Jinja Mjini
Naomba dakika moja. Katiba ya 1995, ibara ya 8, inamtaja korongo miongoni mwa alama za taifa. Ibara ya 237 inasema ardhioevu serikali inaishika kwa amana ya wananchi wote. Kwa hiyo ndege analindwa na nyumba yake inalindwa, kitabu kimoja. Aliyetoa hati za viwanja kwenye kinamasi ndiye wa kuulizwa, kabla ya mkulima na kabla ya binti wa Bombo.

Kijana wa Kisenyi
Na timu yetu ya mpira, Korongo, haijafika tena fainali ya Afrika tangu 1978. Labda ndege ana kisirani, tuweke gorila golini.

Afande Mstaafu
Usitukane timu ya taifa. Mwaka 1978 tulikuwa fainali Ghana na watu walilia redioni. Kufuzu tena kucheza Kombe la Afrika tulingoja hadi 2017. Hilo si la kuchezea.

Binti wa Bombo
Hajji, neno la Ijumaa nimeliacha. Lakini mpunga wa kinamasi cha Lwera, barabara ya Masaka, ni skimu ya serikali pia? Na mchanga unaochimbwa palepale?

Hajji Butaleja
Lwera si kwetu. Lwera wanalima wenye mitambo, na mchanga unasombwa kwa malori makubwa. Mimi nina ekari mbili na jembe. Ukiniambia niondoke Doho ili korongo arudi, niambie pia wa Lwera anaondoka lini, na nani atamwondoa. Hapo nitakusikiliza.