MREJESHO: Kabati la bibi lililokuwa likitoa unga

Habari zenu wakuu. Niliwauliza kuhusu kabati la nguo alilotuachia bibi: lina vitobo vinavyotoa unga wa mbao, droo imelegea, na kaka anataka lipigwe msasa lipakwe vanishi mpya.

Unga kwanza. Mliosema nifute kisha nitandike karatasi nyeusi chini yake, asanteni sana. Unga mpya ulidondoka, kumbe wadudu wanaotoboa mbao bado wako hai. Fundi kapitisha dawa kwenye vitobo na sasa karatasi ni safi, ila siitoi, maana mabuu huweza kukaa ndani ya mbao miaka kadhaa kabla ya kutoka.

Msasa tumeukataa. Fundi aligusa sehemu ya nyuma kwa pamba yenye spiriti, pale pale ikalainika na kunata: ni shelaki, aina ya vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti, na hiyo hurekebishwa bila kukwanguliwa. Droo nayo imeungwa kwa meno ya mbao yanayoshikana na gundi ya zamani ya ngozi za wanyama, ile inayoachia kwa joto na unyevu. Kaifungua, kaiunga upya, hakuna msumari hata mmoja.

Kaka kanuna, eti bado linaonekana kuukuu. Sasa alitaka lionekaneje? Kilichobaki ni nani akae nalo, na shangazi keshaitisha kikao.