James Earl Jones: sauti iliyopitia kigugumizi

Baba wa Kibokoni:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 12 ana kigugumizi, na sasa anataka kujiunga na kikundi cha maigizo cha shule yao hapa Mombasa. Nimeambiwa kwamba James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyempa simba Mufasa sauti katika filamu ya The Lion King ya 1994, naye alikuwa hivyo utotoni. Je, ni kweli, na aliwezaje kudumu katika kazi hiyo zaidi ya miaka 60?

Bi. Likoni:
Waaleikum salaam, kaka. Ni kweli. Alizaliwa Mississippi mwaka 1931, akalelewa na babu na nyanya yake huko Michigan, na kwa miaka mingi ya utoto alikuwa karibu bubu kwa hiari yake, mpaka mwalimu wake wa sekondari, Donald Crouch, alipogundua kwamba kijana yule hutunga mashairi. Alimwambia shairi lake ni zuri hata ni shida kuamini kuwa ni lake, basi na alisome kwa ghibu mbele ya wenzake. Akalisoma lote bila kukwama. Sisi tuliopita chuoni, yaani madrasa, hatushangai: nani hajamwona mtoto anayekwama katika salamu, lakini kasida akaisoma kama maji?

Mstaafu wa Makadara:
Bi. Likoni amesema kweli, ila tusimwahidi kijana kwamba kigugumizi kitamtoka. Jones mwenyewe hata uzeeni alisema bado anacho, na kwamba huchagua maneno yake. Tena wengi humjua kwa sauti tu, ya Mufasa na ya Darth Vader wa filamu za Star Wars (mwili ule wa filamu ya 1977 ulikuwa wa David Prowse), ilhali aliyemlea ni jukwaa. New York alijikimu kwa kazi ya usafi, akaja kucheza Othello mwaka 1964 na King Lear mwaka 1973, zote tamthilia za Shakespeare, akatuzwa Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, kwa The Great White Hope mwaka 1969 na kwa Fences mwaka 1987. Mwaka 2015, akiwa na miaka 84, alikuwa angali anaigiza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, pamoja na mwigizaji Cicely Tyson. Ukumbi mmoja wa huko ulipewa jina lake mwaka 2022, miaka miwili kabla ya kufariki.

Baba wa Kibokoni:
Ahsanteni sana. Nimempa beti mbili ahifadhi. Mimi amekataa kunisomea. Amemsomea nyanya yake.