MJADALA: Mkataba wa miezi mitatu ghalani, auchukue kwa kutarajia ajira ya kudumu?

Mwenye mada, Chikongola
Wakuu wa kusini, habari za mchana. Mdogo wangu wa kike ana stashahada ya uhasibu, na tangu amalize chuo yupo tu nyumbani. Juzi kaitwa na kampuni moja yenye ghala hapa Mtwara mjini awe karani wa mizani. Mkataba, kwa walivyomwambia, ni wa miezi mitatu, unaanza korosho zikianza kuingia Oktoba. Kazi ni nusu siku, asubuhi tu, malori yakizidi anaongezewa na jioni. Aliyemhoji kamwambia, "Piga kazi, tutakuona." Mama keshatangaza mtaa mzima kwamba binti kapata kazi.

Mimi hiyo "tutakuona" ndiyo inaninyima usingizi. Vijana wangapi hapa wanazeeka nayo? Wapo maghalani, wapo bandarini, wapo hata mashuleni wanakofundisha kwa kujitolea huku wakisubiri majina yatoke. Msimamo wangu: kazi ya muda unaichukua kwa pesa yake, siyo kwa ahadi yake. Pesa isipotosha, unaiacha. Nipingeni.

Deiwaka wa Shangani
Nakupinga. Unaiacha uende wapi? Hapa mjini kazi hazibandikwi ukutani. Meli ikija, msimamizi anawapigia simu watu anaowajua. Mimi nilianza kwa kupakia magunia kwa siku. Siku moja aliyekuwa anaandika hesabu ya magunia hakutokea, wakauliza nani anajua kuandika, nikanyoosha mkono. Sasa hivi niko ofisini. Ningekuwa nyumbani nasubiri "ajira" nani angeniona?

Mwenye mada
Hongera kaka. Lakini siku ile mlikuwa wangapi pale mnapakia, na wenzako leo wako wapi?

Deiwaka wa Shangani
Wengine wapo hadi leo wanapakia. Sikatai.

Mama wa Newala
Wanangu, mnagombea kudumu kana kwamba sote tunakutaka. Mimi nabangua korosho kiwandani kukiwa na mzigo, nalipwa kwa kilo. Mafuta ya ganda yakikugusa yanababua, kwa hiyo tunapaka mafuta mikononi kabla ya kuanza, na usiku bado ngozi inachoma. Mzigo ukiisha narudi shambani. Mwezi wa sita, wa saba, mikorosho yangu inataka dawa ya salfa, nani atapuliza kama mimi nimekaa kiwandani mwaka mzima? Kazi ya msimu inanifaa. Kinachoniuma ni bei ya kilo na kukosa glavu, siyo mkataba. Huyo binti ana shamba? Kama hana, hapo ndipo mjue hali yake na yangu ni mbili.

Mstaafu wa utumishi, Lindi
Niseme kwa upande tuliokaa nyuma ya meza, maana mwajiri anatukanwa kila siku bila kusikilizwa. Ghala la korosho linajaa kuanzia Oktoba, Januari hivi linabaki mapopo na mlinzi. Huwezi kuwaweka makarani kumi mwaka mzima wakihesabu vumbi. Mkataba wa msimu kwa kazi ya msimu ni halali na ni wa haki. Mkiulaumu huo mnapoteza muda.

Ubaya ni mwingine, na nimeuona kwa macho. Kazi ipo mwaka mzima, mtu anaifanya mwaka mzima, lakini karatasi zake zinakatwa vipande vya miezi mitatu mitatu. Karibu na miezi sita anaambiwa "pumzika kidogo, tutakuita." Sababu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 35, inasema kinga ya kutoachishwa kazi kiholela haimhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Watu wa utumishi tunaijua hiyo kama tunavyojua majina ya watoto wetu. Ila wengi wanasoma nusu. Kifungu hicho hicho kinasema iwe ni kwa mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Kumkatia karatasi mpya peke yake hakurudishi hesabu kwenye sifuri. Ndiyo maana anaambiwa akapumzike.

Mwalimu wa saa, Masasi
Mzee, shikamoo. Hapo kwenye kupumzika umenigusa. Nimefundisha kwa saa kwenye chuo kimoja cha kati ambacho sitakitaja. Unalipwa saa uliyosimama darasani. Kuandaa somo, bure. Kusahihisha mitihani ya darasa zima, bure. Kila muhula mkuu wa idara ananiambia nafasi ikitoka mimi ndiye wa kwanza. Nafasi ikatoka kweli, akaletwa mtu kutoka nje. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mimi "sikuwa mwajiriwa", kwa hiyo sikuwa na cha kudai. Niliporudi nyumbani nikatafuta hata meseji moja ya ile ahadi, sikuipata. Yote yalikuwa maneno ya koridoni.

Mstaafu wa utumishi, Lindi
Marahaba mwalimu. Na hapa ndipo ninapotofautiana na mwenye mada. Anasema ahadi haina thamani. Kisheria inayo, ukiweza kuionyesha. Kifungu cha 36 kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuongeza mkataba wa muda wakati mfanyakazi alikuwa na sababu ya kutarajia ataongezewa. Kanuni za mwaka 2007 zinadai uonyeshe msingi wa matarajio hayo: uliwahi kuongezewa huko nyuma, au mwajiri aliahidi. Kuonyesha ni juu yako, siyo juu yake. "Tutakuona" iliyosemwa mdomoni mbele ya feni haikufikishi popote. Meseji inayosema "msimu ujao jiandae" inaanza kuwa kitu.

Lakini angalia mipaka yake. Kinachotajwa hapo ni kutarajia mkataba mwingine kama ule ule. Kutarajia kufanywa wa kudumu ni habari nyingine kabisa, na wengi wanaochanganya haya mawili wanarudi kutoka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inakopelekwa migogoro ya kazi, wakiwa wamenuna.

Deiwaka wa Shangani
Mzee, nani atampeleka mwajiri CMA halafu apate kazi tena Mtwara hii? Mji wenyewe huu, ukipiga chafya Ligula wanakuombea dua Mikindani.

Mstaafu wa utumishi, Lindi
Hilo sina jibu lake. Najua tu kwamba mgogoro wa kuachishwa una siku 30 za kupelekwa, na wengi wanazimaliza wakisubiri simu ya "tutakuita".

Mwenye mada
Nasogea kidogo, sihami. Mzee amenionyesha kwamba ahadi inaweza kuwa na meno, lakini ni ikiandikwa tu. Na wanaoahidi kwa mdomo wanajua kwa nini hawaandiki. Kwa hiyo hesabu bado ni ya pesa. Nauli yake kwenda na kurudi kila asubuhi, chakula, halafu tuone kinachobaki.

Mama wa Newala
Unamhesabia nauli tu? Mhesabie na anachojifunza. Karani wa mizani anayejua kusoma kipima unyevu, anayekata korosho za sampuli na kutenga nzuri, yenye madoa na iliyooza, huyo chama chochote cha msingi cha wakulima kitamhitaji. Huku kwetu tunagombana kila msimu kwa sababu karani hajui, mzigo unafika ghala kuu unarudishwa, mkulima analia. Stashahada yake ya uhasibu haijamfundisha hayo. Aende, lakini asisimame mlangoni kwa yule bosi mmoja akingoja kuonwa.

Mwalimu wa saa, Masasi
Naungana na mama. Na adai nakala ya mkataba siku ya kwanza, iliyosainiwa pande zote. Mimi yangu ilibaki kwenye faili lao.

Mwenye mada
Mama, hilo la kukata sampuli sikulifikiria. Nitamuuliza kama wamesema atafundishwa au atakaa kwenye mizani tu kuandika namba za magari.

Mstaafu wa utumishi, Lindi
Muulize na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wakimkata mshahara, michango ionekane kwenye akaunti yake, siyo kwenye karatasi ya malipo pekee. Halafu tuambie mkataba unataja tarehe ya kuanza na ya kuisha, au umeandikwa "hadi mwisho wa msimu". Msimu wa nani? Wa mnada, au wa gunia la mwisho kutoka ghalani?

Mwenye mada
Umeandikwa hivyo hivyo, mzee, "hadi mwisho wa msimu". Na hajasaini bado. Kesho asubuhi namsindikiza.