Sindano ya kisogoni ya kipandauso, kuna mtu amewahi dungwa?

mama_belo
Wadau habari zenu. Mimi niko na kipandauso tangu kidato cha pili na saa hii nina miaka 38, tumezoeana kama mke mwenza. Kinaanza kisogoni upande wa kulia, kinapanda polepole hadi kinakaa nyuma ya jicho, hapo sasa ni kutapika na kutafuta giza. Juzi nimekata belo hapa Gikomba saa kumi na moja asubuhi ile harufu ya mitumba ikanipiga puani, kabla wateja wa kamera, wale wa kuchagua nguo safi za kwanza, wamalize kuchagua mimi nilikuwa nimelala chini ya meza leso imekazwa kichwani. Daktari mmoja huko Upper Hill anasema nidungwe nyuma ya kichwa, eti azibe neva. Sasa mimi naumwa jichoni, sindano ya kisogoni inaenda kufanya nini? Ama ni kuliwa pesa tu?

dere_thika_road
Nimedungwa mara mbili. Unakalishwa unainamisha kichwa kwa mto, daktari anabonyeza na kidole gumba akitafuta pale panauma, si katikati kabisa, ni kama theluthi ya njia kutoka ule mfupa umetokeza kisogoni ukienda kwa ule wa nyuma ya sikio. Alipopapata niliruka. Sindano yenyewe nyembamba, inachoma kama siafu, halafu robo saa hivi upande wote umekufa ganzi, najikuna naskia kama najikuna kofia. Ganzi iliisha jioni lakini kichwa kilinyamaza wiki tano, nikaendesha gari na jua la saa saba bila miwani. Ya pili sasa wiki moja tu nikarudi pale pale. Na kitu hakuna mtu aliniambia, mahali walidunga nywele zilitoka kiduara kama sarafu ya kumi, kinyozi akaniuliza kama ni mashilingi 😂

babu_karanga
Nyanya yangu Kakamega alichanjwa chale hapo hapo kwa paji akaumikwa na pembe, akalipa kuku. Nyinyi mnalipa maelfu. Endeleeni tu.

zamu_ya_usiku
@babu_karanga ganzi na wembe si kitu kimoja mzee wangu 😅

@dere ya nywele ni steroidi hiyo, dawa ya kutuliza uvimbe, wengine huichanganya na ganzi, ukitaka unaomba wakuwekee ganzi peke yake. Ganzi ni lignokeini, ile ile ya daktari wa meno.

Sasa mama_belo, neva ya kisogoni inatoka juu ya shingo, pingili ya pili hapo. Ya paji na jicho ni nyingine, inaitwa trijemino. Lakini zote zinashusha habari zao kituo kimoja chini ya ubongo, ni kama gari za Rongai na za Ngong kushushia watu Railways, kukiwa na fujo hujui imeanzia kwa gari gani. Ukinyamazisha za kisogo, steji yote inapoa kidogo, na jicho linapumua. Haiponyi lakini, inakata tu ile mfululizo, na kuna watu haiwasaidii hata siku moja. Ukiwa na sukari waambie mapema maana steroidi inaipandisha siku kadhaa, na kama unatumia dawa za kufanya damu isigande pia sema.

Ila hujatuambia unameza vidonge siku ngapi kwa mwezi. Panadol siku 15 na zaidi, ama zile za mchanganyiko, dawa zaidi ya moja kwa kidonge kimoja, siku 10, ukienda hivyo zaidi ya miezi mitatu dawa yenyewe ndio inakuumiza kichwa.

nyusi_hazisongi
Mimi niko kwa botoksi, ile dawa ya kulegeza misuli, vidungo 31 kuanzia paji, kando, kisogo mpaka mabegani, yuniti 155, kila wiki 12. Marekani waliipitisha 2010 kwa wale wanaumwa kichwa siku 15 na zaidi kwa mwezi. Raundi ya kwanza sikuona kitu nikalia pesa yangu, ya pili ndio nikaanza kulala. Ulizia bima kwanza, ni ghali vibaya. Kuna hadi upasuaji wa hizo neva, ulianzishwa na Guyuron, daktari wa kurekebisha sura huko Cleveland, aliona watu aliowainua nyusi wanarudi wakisema kichwa kimeacha kuuma. Madaktari wengi wa neva hawajakubaliana nayo na mimi kisu hapana.

mama_belo
Asanteni sana. @zamu_ya_usiku umenishika pabaya. Nimetoa kalenda ya ukutani, ile natia alama siku ya kumeza kwa sababu ya deni la kemisti, mwezi uliopita ni siku 23 na za mchanganyiko ndio nyingi. Nimempigia daktari, amesema nije Alhamisi adunge bila steroidi na wiki hiyo hiyo nianze kuacha vidonge, sindano inisaidie kuvuka. Vyenye vimebaki nimempea mama wa chai anifichie, ameshaniambia nikiomba atanimwagia maji.