Picha za magazeti ya marehemu babu: nizihifadhije kabla hazijaisha?

Mjukuu wa Muheza
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Marehemu babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huku Muheza. Tumekuta sanduku lake la bati chini ya kitanda, limejaa vipande vya magazeti alivyokata kwa mkasi: Ngurumo, Uhuru, na vingine visivyo na jina. Timu ya Coastal Union ya 1988 imo, mwaka Wagosi wa Kaya hao walipochukua ubingwa wa ligi ya mpira. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, ukikunjua tu pembe inabaki mkononi.

Inayoninyima usingizi ni picha moja. Wanawake sita wanaanika singa, zile nyuzi za mkonge, mmoja kageuka kuitazama kamera. Mbele yao kasimama mgeni kavaa suti. Maandishi ya chini yanamtaja mgeni na cheo chake. Wale sita wameitwa "wafanyakazi", basi. Nilipomwonyesha bibi aliisogeza dirishani, akaweka kidole juu ya yule aliyegeuka. "Huyu mimi." Akataja na wawili wengine. Watatu waliobaki sura anazijua, majina yamempotea.

Kipande kingine nilikipeleka dukani wakifunike kwa nailoni ya moto. Kikajikunja ndani ya mashine, na sasa hakitoki. Sitaki hii nayo iende hivyo. Nina simu tu, sina skana. Nianzie wapi?

Mkutubi Mstaafu
Marahaba mjukuu wangu. Nailoni usirudie, na selotepu usiiguse kabisa. Gundi yake hupenya na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, asidi imo humo humo, ndiyo maana inajila yenyewe. Joto na unyevu wa Tanga vinaiongezea kasi.

Leo hii piga picha. Weka kipande mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua, lalisha kioo safi juu yake, zima taa ya simu, shika simu sambamba na meza. Piga kipande kizima pamoja na maandishi yake, halafu kigeuze upige na nyuma. Kisha kila kimoja kilaze bila kukunja kati ya karatasi nyeupe safi, kwenye boksi kavu, juu ya kabati. Jina na tarehe andika kwa penseli kwenye karatasi hiyo, siyo juu ya gazeti.

Barabara ya Kumi na Mbili
Mkubwa kasema nyuma, nami nakazia hapo hapo. Babu alikata tarehe, lakini huko nyuma mara nyingi kuna matokeo ya mpira au tangazo litakalokwambia mwaka. Soma na maneno yenyewe. Wameandika Tanganyika au Tanzania? Jina Tanzania limeanza Oktoba 1964. Wametaja TANU? Basi ni kabla ya tarehe 5 Februari 1977, CCM ilipozaliwa. Kikiwa cha Ngurumo, lile gazeti lilikufa 1976. Ukishaubana mwaka, nenda Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, uulizie magazeti ya zamani.

Mama Korogwe
Mwanangu, karatasi itakusubiri mwezi mmoja, bibi yako hana ahadi hiyo. Mama yangu naye alifanya kazi ya mkonge, kwenye chumba cha brashi. Alikuwa akinisimulia nami nikiosha vyombo, nikidhani nitamuuliza vizuri siku nyingine. Washa simu urekodi sauti. Usimuulize majina tu; muulize zamu ilianza saa ngapi, korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, ilikuwa inanguruma vipi, nani alikuwa anaimba. Majina huja yenyewe katikati ya hadithi. Na kabla hujaiweka mtandaoni, zitafute familia za hao wengine uwaombe.

Mjukuu wa Muheza
Asanteni sana, Mungu awaweke. Vipande 41 nimeshavipiga mbele na nyuma.

Ile picha maandishi yanasema "Mwenyekiti wa TANU". Na jana, simu ikiwa inarekodi, bibi kaniambia siku ile alikuwa na mimba ya mama, ndiyo maana kanga kaifunga juu hivyo. Mama kazaliwa Machi 1969. Kwa hiyo ni mwishoni mwa 1968 au mwanzoni mwa 1969.

Jina la nne nalo limekuja: shoga yake, yuko hai, anakaa Ngomeni. Ijumaa nampeleka bibi. Nimetoa nakala kubwa ya kwenda nayo. Kipande chenyewe hakitoki kabatini.